Tapeti Iliyonyamaza: Vifaa vya Kuseti Vali za Pikipiki Nyumbani

Kabla hujanunua spana nyingine yoyote, nunua fila geji. Ni vipande vyembamba vya chuma vilivyofungwa pamoja upande mmoja, kila kipande kimechorwa unene wake, na kifaa chote kinaingia kwenye mfuko wa shati. Ukipita gereji za kando ya barabara kutoka Embu mjini, Runyenjes, Chuka, Nkubu mpaka Meru, kisha upande Maua, utakuta mafundi hodari wenye spana kamili, kompresa na mashine ya kuchomelea. Ulizia fila geji, na wengi watakuambia hawaihitaji, tapeti inasetiwa kwa sikio. Injini ikilia wanakaza, ikinyamaza wanafunga kifuniko, na mwenye pikipiki analipa na kuondoka ameridhika.

Sikio la fundi mzoefu ni la kuheshimiwa. Lakini kwenye tapeti kuna makosa mawili, na sikio linasikia moja tu, tena lile jepesi.

Injini ya pikipiki ndogo ya mipigo minne kwa kawaida ina vali mbili kwenye hedi: moja ya kuingiza hewa na petroli, nyingine ya ekzosi, ya kutoa moshi. Kamshafti inasukuma roka, na kwenye ncha ya roka kuna skrubu ndogo yenye nati yake. Skrubu hiyo ndiyo tapeti, na ndiyo inayobonyeza mkia wa vali. Vali ikiwa imefungwa, lazima pabaki pengo dogo kati ya skrubu na mkia ule, kwa sababu chuma kikipata moto hurefuka. Pengo likiwa kubwa, skrubu inagonga badala ya kubonyeza: tak-tak-tak, unaisikia hata ukiwa na helmeti. Vali inafunguka pungufu, nguvu inashuka kidogo, ncha zinachakaa. Ni kosa, ila ni kosa linalokuita mapema.

Pengo likiisha kabisa, husikii chochote. Injini ikishika moto vali inarefuka, inakuta skrubu imekwisha kuigusa, na inakosa nafasi ya kukaa vizuri kwenye kiti chake. Hapo gesi ya moto inaanza kupenya ukingoni. Vali ya ekzosi ndiyo inayoumia zaidi, maana joto lake kubwa hulitoa kupitia kiti, katika muda ule mfupi inapokuwa imefungwa. Isipokaa, joto halina pa kwenda, na ukingo wa vali unaungua. Dalili zinakuja polepole: kiki inashuka laini kuliko zamani, asubuhi pikipiki inasumbua kuwaka, petroli inaisha haraka, na kwenye mlima unalazimika kurudi gia moja chini. Anayepanda kila siku kuelekea Timau husingizia mlima, na ni kweli kwamba hewa ya juu ni nyepesi na huipunguzia injini nguvu. Ila mlima uleule hauwezi kukunyang'anya mwezi huu nguvu uliyokuwa nayo mwezi uliopita.

Kuna jambo jingine ambalo wenye pikipiki wengi hawaambiwi. Kadiri vali inavyopigapiga kiti chake, huzama ndani yake kidogo kidogo, na mkia wake unasogea juu kuelekea skrubu. Kwa hiyo kwenye injini nyingi ndogo pengo la ekzosi hupungua lenyewe bila mtu kuligusa. Pikipiki iliyokuwa ikigonga kidogo kisha ikanyamaza yenyewe haijapona. Hiyo ndiyo ya kufunguliwa kwanza.

Kwa nini nyumbani

Pikipiki zilijaa nchini hasa baada ya serikali kuondoa kodi ya VAT kwa zile zilizo chini ya sisi 250, mwaka 2008. Leo ndizo zinazoshusha miraa kutoka mashamba ya Igembe, muguka kutoka Mbeere, kahawa hadi kiwandani, maziwa, mbolea, mgonjwa na mwanafunzi. Boda boda anayetembea kilomita 100 kwa siku anamaliza 3,000 kwa mwezi mmoja, na vitabu vya pikipiki hizi ndogo kwa kawaida hutaka tapeti zikaguliwe kila baada ya kilomita elfu chache. Anayebeba magunia kwenye miinuko ya Nyambene, gia ya kwanza na ya pili muda mrefu, asisubiri mwisho wa kipindi hicho.

Hata hivyo sababu kubwa ya kufanya kazi hii nyumbani ni moto wa injini, kuliko hata gharama. Vipimo vya tapeti vya pikipiki hizi vimetolewa kwa injini iliyopoa. Honda, kwa mfano, hutaka iwe chini ya nyuzi 35 za selsiasi. Ukiipeleka pikipiki gereji, inafika imewaka moto kwa sababu umeiendesha. Fundi mwenye foleni ya watu hatangoja saa nne ipoe, na wewe mwenyewe hutaki kukosa wateja. Atafungua ikiwa moto, ataseti, na kipimo kitakuwa cha kubahatisha hata kama anayo fila geji bora. Nyumbani pikipiki imelala usiku kucha. Kunapopambazuka, kabla hujaiwasha, injini iko tayari kupimwa. Kama unaishi chini kwenye joto, Ishiara au Kiritiri, fanya asubuhi hiyo hiyo na uiweke kivulini, maana chuma kilichoachwa kwenye jua la mchana kinaweza kupita nyuzi 35 bila kuwashwa.

Jua injini yako

Tazama ubavuni mwa injini, chini, pale palipogongwa namba. Nyingi za Kichina zimeandikwa 156FMI au 162FMJ. Namba 1 ya mwanzo ni silinda moja, 56 na 62 ni upana wa silinda kwa milimita, F ni ya kupozwa kwa hewa, M ni ya pikipiki, I ni za sisi 125 na J za sisi 150. Nyingi kati ya hizi ni nakala za Honda CG125, iliyotoka mwaka 1976, ambayo kamshafti yake iko chini na hupandisha roka kwa vyuma viwili virefu. Hazina mnyororo wa kwenda hedini, na ni rahisi sana kuzihudumia. Kipimo cha CG125 ni 0.08 mm kwa vali zote mbili.

Bajaj Boxer na TVS HLX zina kamshafti juu, ndani ya hedi, inayozungushwa na mnyororo mdogo. Kuseti tapeti zake hakuna tofauti kubwa, isipokuwa mara nyingi pengo la kuingiza na la ekzosi halilingani, na la ekzosi ndilo kubwa. Pikipiki ndogo nyingi za hapa ziko kati ya 0.05 na 0.10 mm, lakini usiseti kwa "nyingi". Kitabu kilichokuja na pikipiki kina ukurasa wa vipimo. Ukiwa umekipoteza, nenda kwa wakala wa chapa hiyo Meru au Embu, umtajie modeli kamili, umwombe akuonyeshe kipimo kilichochapishwa. Kisha kiandike kwa rangi isiyofutika chini ya kiti.

Ukiwa na Yamaha AG100 ya zamani, zile zilizozoeleka kwa maafisa wa kilimo, haina tapeti kwa sababu ni ya mipigo miwili. Na pikipiki kubwa ambazo pengo lake hurekebishwa kwa kubadilisha visahani vya chuma chini ya kamshafti zinahitaji mikromita na akiba ya visahani. Hizo unaweza kuzipima nyumbani, lakini kuzirekebisha ni kazi ya gereji.

Fila geji yenyewe

Nyingi zinazouzwa kwenye maduka ya spea ni za magari. Zinaanza 0.05, kisha zinaruka hadi 0.10, halafu 0.15, na kuendelea. Kwa gari lenye pengo la 0.20 au 0.30 zinafaa. Kwako hazifai, kwa sababu kipimo chako chote kimeangukia kati ya kipande cha kwanza na cha pili. Mwambie muuzaji afungue, usome namba mwenyewe. Unataka yenye 0.02, 0.03, 0.04 na kuendelea moja moja mpaka 0.10. Seti moja ya kawaida ya aina hiyo ina vipande 17, kutoka 0.02 hadi 1.00. Ukikosa Meru au Embu, agiza kwa mtu anayekwenda Nairobi apite maduka ya Kirinyaga Road, na umwandikie namba hizo kwenye karatasi, la sivyo atakuletea ya gari.

Kuna zilizoandikwa kwa inchi. Usizitupe: 0.002 ni karibu 0.05 mm, 0.003 ni karibu 0.08, na 0.004 ni 0.10. Anayetunza CG anaweza kuishi na ile ya 0.003 peke yake. Pia unaweza kuunganisha vipande viwili, 0.03 na 0.05 kupata 0.08, mradi vyote ni visafi na vimelala sawasawa. Zilizopindwa ncha ni nzuri zaidi kwa pikipiki ambazo tangi linaziba nafasi juu ya hedi, kwani unaingiza kutoka ubavuni bila kukikunja kipande.

Kipande cha 0.05 ni chembamba mno. Ukikisukuma kwa nguvu kinajikunja, na mkunjo mmoja mdogo tayari umekiongezea unene. Kikijikunja nchani, kata sehemu hiyo kwa mkasi, usugue ukingo kwa msasa laini, uendelee kutumia kilichobaki. Kila unapomaliza, pangusa vipande vyote kwa kitambaa chenye tone la oili ndipo ukunje. Kutu ya mvua za Aprili inatosha kufuta namba zilizochorwa, na kipande kisichosomeka hakina kazi.

Watu hutumia mbadala. Wembe wa pande mbili una unene wa karibu 0.10 mm, kwa hiyo unaweza kukuokoa njiani kama ekzosi yako ni ya 0.10. Hauwezi kukupa 0.05 wala 0.08, na unakata vidole. Karatasi ya daftari inabanwa na kupungua unene ndani ya pengo, nayo ikilowa oili inabadilika tena. Msumeno wa chuma ni mnene mara nyingi zaidi, unafaa kukadiria pengo la plagi, lakini kwenye tapeti hata hauingii.

Ufunguo wa tapeti na spana

Kichwa cha skrubu ya tapeti kwenye injini nyingi hizi ni cha mraba, karibu milimita 3 kila upande, na nati yake ya kufungia mara nyingi ni ya 8 au 9. Spana ya 9 ndiyo inayokosekana kwenye seti za bei nafuu, kwa hiyo hakikisha unayo. Chukua ya ringi, kwa sababu ya mdomo wazi inateleza na kula pembe za nati laini.

Skrubu watu huishika kwa koleo ya mdomo mrefu, na hapo ndipo mraba unapogeuka duara baada ya mara chache. Ufunguo wa tapeti ni kichuma kifupi chenye tundu la mraba upande mmoja na mshikio upande wa pili. Dukani upo, na usipoupata fundi wa jua kali anaweza kukutengenezea: anachukua kipande cha chuma cha duara, anatoboa tundu, analinyoosha kuwa mraba kwa tupa ndogo, kisha anachomelea msumari mnene kwa kuupitisha juu kama mshikio. Nenda na skrubu kuukuu ili ajaribishe papo hapo. Baadhi ya skrubu zina mfereji badala ya mraba, nazo zinataka bisibisi bapa inayojaza mfereji wote.

Ufunguo huo una umuhimu kuliko unavyoonekana. Skrubu ikiwa na uzi wa nusu milimita, mzunguko mzima unasogeza 0.5 mm, na sehemu moja ya kumi ya mzunguko inasogeza 0.05. Yaani kiwiko kikiteleza kidogo tu wakati unakaza nati, umepoteza pengo lote. Kwa hiyo mkono mmoja unashika ufunguo bila kucheza, mwingine unakaza nati.

Vingine vya kuandaa ni spana ya plagi inayolingana na plagi yako, spana au boksi za 8, 10, 12, 14 na 17, bisibisi bapa pana, brashi ya zamani ya meno, dizeli kidogo kwenye kopo, kitambaa kisichotoa nyuzi na tochi ya kichwani. Usitumie mshumaa wala koroboi, maana utakuwa umefungua mpira wa petroli. Weka na trei ya mayai: boliti za kifuniko cha hedi hazilingani urefu zote, na kila moja ikikaa kwenye shimo lake kwa mpangilio uleule wa kwenye injini, hutakosea kurudisha. Nunua pia mapema gasketi ya kifuniko au oringi zake. Zilizokwisha kukauka hazirudi kuziba, na oili itaanza kutiririka kwenye mapezi ya silinda.

Kazi yenyewe

Udongo mwekundu wa huku ukikauka kwenye hedi unakuwa mgumu, na ukianguka ndani ya injini unasaga. Safisha kwanza: brashi na dizeli kuzunguka kifuniko na plagi, kisha kausha. Funga kishikio cha petroli. Kama tangi linakuzuia, lifungue. Mara nyingi linashikwa na boliti moja au mbili chini ya kiti. Toa plagi, na kabla haijatoka kabisa puliza vumbi lililo kwenye shimo lake. Ikishatoka, injini itazunguka kwa wepesi.

Fungua kifuniko cha hedi, au vile vifuniko viwili vidogo kama injini yako ni ya aina hiyo. Kisha fungua vifuniko viwili vya duara upande wa kushoto wa injini: kikubwa cha katikati ambapo utaona nati ya krenki, na kidogo cha juu ambapo utaona flaiwili ikipita. Mifereji ya vifuniko hivyo ni ya aluminiamu laini, na sarafu inaiharibu. Kata kipande cha chuma bapa kinachojaa mfereji mzima.

Sasa unatafuta alama ya T. Hii ndiyo hatua ambayo wengi hukosea, kisha wanalaumu kifaa. Kwenye flaiwili kuna mstari wenye herufi T na mwingine wenye F. F ni ya moto wa plagi, iache. T ikilingana na alama ya kwenye kava, pistoni iko juu kabisa. Ila pistoni hufika juu mara mbili katika mzunguko kamili wa kazi: mara moja vali zote zikiwa zimefungwa, na mara ya pili wakati ekzosi inamalizia kufunga na ya kuingiza inaanza kufunguka. Ukiseti katika mara hiyo ya pili, umeharibu zote mbili.

Kujua ni ipi, angalia roka ya upande wa kabureta. Zungusha krenki kwa boksi kuelekea upande injini inakozunguka yenyewe. Kwenye CG na nyingi za aina hii, ukiitazama kutoka kushoto, ni kinyume na mshale wa saa. Kama huna boksi ya kufika, weka stendi ya katikati, ingiza gia ya juu kabisa, na zungusha gurudumu la nyuma kuelekea mbele taratibu. Roka ya kuingiza itabonyea, kisha itainuka. Ikishainuka, endelea hadi T ya kwanza inayofuata. Hapo simama. Shika kila roka kwa vidole viwili uitikise: zote mbili ziwe na mchezo mdogo sana. Moja ikiwa imebana kabisa, kuna mambo mawili: ama uko kwenye T isiyo yake, ama tapeti hiyo ndiyo mgonjwa wako. Zungusha mzunguko mmoja mzima uilinganishe tena kabla ya kuamua.

Pima kabla ya kugusa kitu chochote. Ingiza kipande cha kipimo chako, kikiwa na oili kidogo, kati ya skrubu na mkia wa vali, kikiwa kimelala sawa bila kuinamia upande. Kama kipimo ni 0.08, kile cha 0.08 kinapaswa kupita kwa mvuto mwepesi, kama unavyovuta ukurasa wa gazeti uliokaliwa na kikombe cha chai. Kisha jaribu cha 0.09 au 0.10. Kikipita bila kubanwa, pengo ni kubwa kuliko ulivyodhani, na ule mvuto wa kwanza ulitokana na kukiinamisha. Cha kipimo kipite, cha hatua moja au mbili juu yake kikatae. Jaribio hili la vipande viwili ni la kuaminika kuliko hisia ya kipande kimoja, hasa kwa mtu anayejifunza, maana kila mtu ana maana yake ya "mvuto mwepesi". Andika ulichokuta: ekzosi kadhaa, kuingiza kadhaa, tarehe na kilomita.

Ukihitaji kurekebisha, legeza nati nusu mzunguko tu. Acha kipande ndani ya pengo, geuza skrubu kwa ufunguo mpaka uhisi mvuto, shikilia, kaza nati. Pima tena. Karibu kila mara utakuta pengo limebadilika, kwa kuwa nati ikikaza huivuta skrubu. Legeza tena, acha pengo kidogo zaidi au pungufu kulingana na ulivyoona, kaza, pima. Kurudia mara tatu au nne ni kawaida ya kazi hii. Nati ya tapeti ni ndogo na haitaki nguvu ya bega, kwa hiyo tumia spana fupi, kaza kwa nguvu ya kifundo cha mkono. Ikikatika, roka nzima inatoka. Ikiwa legevu, skrubu itajifungua ukiwa safarini.

Ukibaki kati ya vipimo viwili, chukua kile kikubwa. Hatua moja juu inakupa sauti ndogo, hatua moja chini inakuchomea vali.

Ukimaliza zote mbili, zungusha krenki mizunguko miwili kamili, rudi kwenye T ileile, na upime tena. Usiruke hatua hii hata kama kumekucha na mteja anapiga simu. Kisha rudisha gasketi, vifuniko, plagi na tangi. Piga kiki mara mbili tatu ukiwa umezima swichi, ndipo uwashe. Tiki-tiki nyepesi na sawasawa injini ikiwa baridi ni sauti ya kawaida. Mtu akikuambia kwenye stegi kwamba tapeti yako inalia na anaweza kukukazia dakika mbili, mkatalie.

Yatakayokutatiza

Ukipima sawa na bado sauti iko kubwa, toa skrubu uiangalie ncha yake. Ikiwa na shimo lililochimbwa na mkia wa vali, kipande bapa kinapita juu ya shimo bila kuingia ndani, kwa hiyo pengo la kweli ni kubwa kuliko unachosoma. Badilisha skrubu, ni spea ndogo. Kwenye Boxer, TVS na nyingine zenye kamshafti juu, mlio wa kukwaruza unaotoka ubavuni mwa silinda mara nyingi ni mnyororo wa ndani uliolegea au tenshena yake. Kukaza tapeti hakuondoi sauti hiyo hata kidogo, ila vali nyingi zimeungua katika kujaribu.

Na zile namba ulizoandika ndizo zitakazokuambia lini vifaa vyako vimefika mwisho. Kama kila unapofungua unakuta ekzosi imepungua tena, na kipindi kinazidi kuwa kifupi, vali au kiti chake kimeisha. Kuendelea kulegeza skrubu kutakupa wiki chache tu. Hapo hedi itolewe. Mwambie fundi asage vali kwa pesti, moja moja, kila moja na kiti chake, na abadilishe iliyoungua ukingoni badala ya kuisaga. Kabla hajafunga, mwombe ageuze hedi, vali zikiwa zimerudishwa na springi zake, amimine petroli kidogo kwenye tundu la ekzosi, kisha la kuingiza. Ngojeni pamoja dakika kadhaa mkitazama upande wa chumba cha moto. Petroli ikijitokeza ukingoni mwa vali, asage tena ndipo afunge.